Maua ya kuazima kwenye sahani ya mgeni

Kutoka Basra hadi Delft, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, vyombo vya mapambo vimekua kwa mafundi kuigana. Zamu ya wafinyanzi wetu imefika.

Katika nyumba nyingi za Mbinga, kuanzia mjini hadi vijiji vya milimani kama Kitura, kuna sahani za kila siku na kuna sahani za mgeni. Za kila siku ni za plastiki, zimekwaruzika na kupauka. Za mgeni hukaa kabatini nyuma ya kioo, pamoja na chupa ya chai na hotipoti. Ni nyeupe, zina ukingo wa buluu, na katikati pamechorwa ua kubwa jekundu lenye majani ya kijani. Msimu wa kahawa ukienda vizuri, vyombo hivyo huongezeka. Binti akikaribia kuolewa, akina mama humchangia seti nzima kwenye kicheni pati, na hakuna anayeuliza ua lile limetoka wapi.

Limetoka mbali. Ni peoni, ua la China, ambalo mafundi wa huko wamelichora kwenye vyombo kwa karne nyingi. Na ule weupe ulio chini ya ua, unaofanya chombo cha bei ndogo kionekane cha thamani, chanzo chake ni karakana za Iraki, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Kati ya Iraki ile na kabati la Mbinga wamepita Wachina, Waajemi, Wahispania, Waitaliano, Waholanzi na Waingereza, kila mmoja akimwiga mwenzake na kila mmoja akiongeza chake. Na sisi wa Afrika Mashariki tumo katika msururu huo tangu mwanzo wake. Ndiyo maana naona ni kosa kuyaita maua hayo alama ya kukosa cha kwetu, kama ambavyo ni kosa kudhani kwamba kazi yetu ni kununua tu.

Siri ya weupe

Katika karne ya 9, Basra ilikuwa bandari kubwa ya dola ya Bani Abbas. Biashara ya Mashariki ya Mbali ilileta mabakuli meupe ya Kichina, magumu na laini, na wakubwa wa Baghdad na Samarra wakayapenda. Wafinyanzi wa Basra walitamani kutengeneza ya kwao, lakini walikosa mambo mawili. Hawakuwa na kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea kauri, wala hawakuwa na tanuri la kufikia nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi. Udongo wao ulikuwa wa rangi ya manjano iliyofifia, na matanuri yao yaliishia kwenye nyuzi 1,000 au karibu na hapo.

Wakatafuta njia nyingine. Chombo cha udongo kilichochomwa huweza kufunikwa na glezi, yaani utando mwembamba wa kioo unaopatikana kwa kuyeyusha mchanga pamoja na kiyeyushi kama risasi. Glezi ya kawaida hupitisha mwanga, kwa hiyo rangi ya udongo huonekana chini yake. Wafinyanzi wa Basra walitia ndani yake oksidi ya bati, yaani bati lenyewe, madini, si mabati ya kuezekea. Chembe za bati hazikuyeyuka zote. Zilibaki zimetawanyika ndani ya kioo, zikazuia mwanga, na utando ukageuka mweupe pe. Udongo wa manjano ukajificha, na bakuli la Basra likaweza kukaa karibu na la China bila kuona haya.

Juu ya weupe huo walichora kwa kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu yakipata moto. Walichora matawi, maua na maandishi ya Kiarabu, na mara nyingine wakaimwaga rangi ya kijani ikachuruzika. Weupe waliuiga. Uamuzi wa kuutumia kama karatasi ya kuandikia ulikuwa wa kwao.

Wachina nao walikuwa wanatazama. Mwaka 1998 iligunduliwa meli iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ikiwa na vyombo vya Kichina vipatavyo 60,000. Bakuli moja limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Mbao za meli hiyo zilishonwa kwa kamba, ufundi ambao watu wa Lamu waliujua katika mitepe yao. Ndani ya shehena yote hiyo zilipatikana sahani tatu nyeupe zenye michoro ya buluu, na mtindo wake unafanana na ule uliopendwa upande wa Ghuba. Maana yake ni kwamba wakati Basra ikiiga China, tayari kulikuwa na fundi wa China aliyekuwa akichora kwa kufuata ladha ya mteja wa magharibi mwa Bahari ya Hindi.

Buluu iliyozunguka dunia

Kuigana huko hakukukoma. Katika karne ya 14 mafundi wa Jingdezhen, mji mkuu wa kauri nchini China, walianza kutengeneza kwa wingi vyombo vyeupe vyenye michoro ya buluu, wakitumia kobalti iliyotoka Uajemi na wakiwauzia kwa sehemu kubwa wateja wa nchi za Kiislamu. Buluu na nyeupe, ambayo leo dunia nzima huiita ya Kichina, ilizaliwa kwa rangi ya Kiajemi na udongo wa Kichina.

Ufundi wa glezi ya bati nao ulielekea magharibi, ukapita Misri na Afrika Kaskazini hadi Hispania, ambako Málaga na Manises zilipata sifa. Waitaliano waliponunua vyombo hivyo kupitia kisiwa cha Majorca, wakavibatiza jina la maiolika, kisha wakatengeneza vya kwao katika miji kama Faenza, wakachora watakatifu na mashujaa wa hadithi zao za kale.

Mwaka 1603 Waholanzi waliiteka meli ya Kireno iliyoitwa Santa Catarina. Kauri za Kichina zilizokuwamo zilipopigwa mnada Amsterdam, Ulaya ya kaskazini ilishikwa na uchu ambao haukupoa kwa karne nzima. Mwaka 1644 utawala wa Ming ulianguka, vita vikavuruga viwanda vya China, na shehena zikapungua. Mji wa Delft ukaiona nafasi. Viwanda vyake vya bia vilikuwa vimedorora, majengo yakiwa matupu. Wafinyanzi wakahamia humo, na kabla ya mwisho wa karne hiyo karakana zaidi ya 30 zilikuwa zikichoma udongo wa kawaida, zikiufunika kwa glezi ya bati na kuchora mandarini, mahekalu na ndege wa China ambao wachoraji wenyewe hawakuwahi kuwaona. Polepole vinu vya upepo, mashua na ng'ombe wa Uholanzi vikaingia katikati ya mahekalu hayo. Leo Waholanzi huonyesha sahani ya Delft kama sura ya taifa lao, na hakuna anayewasuta kwamba waliiba. Walianza kwa kuazima, wakaongeza, kilichoongezwa kikawa chao.

Waingereza ndio waliowaangusha. Kuanzia miaka ya 1760, Josiah Wedgwood na wenzake walitengeneza vyombo vya rangi ya krimu vilivyo imara na vya bei nafuu, huku ufundi wa kuhamisha michoro kutoka kwenye karatasi hadi kwenye chombo ukiondoa haja ya kuchora kila sahani kwa mkono. Mchoro maarufu wa daraja, hekalu na ndege wawili, ambao wengi huuchukulia kuwa wa Kichina, ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, na hata hadithi ya mapenzi inayosimuliwa juu yake ilitungwa hukohuko.

Sahani ukutani, sahani kaburini

Sasa turudi nyumbani. Delft ilipoanza kujivunia weupe wake, pwani yetu ilikuwa imeujua weupe huohuo kwa karne nane. Vipande vya vyombo vya Iraki vyenye glezi nyeupe ya bati vimefukuliwa Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu kusini mwa Unguja. Vilifika katika zama zilezile vilipobuniwa, vikiletwa na majahazi yaliyofuata kaskazi.

Baada ya hivyo vikafuata vyombo vya kijani vya China viitwavyo seladoni, kisha vyombo vya Uajemi, kisha buluu na nyeupe ya Jingdezhen. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipotembelea Tanganyika mwaka 1955, alistaajabu kuona wingi wa vipande vya kauri za Kichina vilivyotapakaa kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akasema kwamba historia ya nchi hii imeandikwa kwa vipande hivyo.

Mimi naona aliiona nusu ya habari. Habari kubwa zaidi ni kile ambacho watu wa pwani walikifanya kwa vyombo hivyo. Sahani ambayo Mchina aliitengeneza kwa ajili ya chakula, fundi wa Kiswahili aliipachika kwenye chokaa ya matumbawe na kuigeuza kuwa pambo la jengo. Katika Msikiti Mdogo wa Makuba pale Kilwa Kisiwani, mabakuli yenye glezi yalipachikwa juu, kwenye dari, mahali ambapo jicho la anayeswali hukutana na rangi. Makaburi ya mnara ya Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, yalivalishwa sahani. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya enzi ya Ming. Nguzo za namna hiyo zenye sahani kifuani hazikuigwa kutoka China wala Uarabuni. Ni ubunifu wa hapa, uliofanywa kwa vitu vya kununua.

Ndani ya nyumba za mawe za Lamu, Pate na Siyu, kuta za chumba cha ndani zilichongwa zidaka, yale matundu madogomadogo ya plasta yaliyopangwa kwa safu, na humo vilipangwa vyombo. Mtafiti Linda Donley aliambiwa na wenyeji kwamba sahani hizo pia zilikuwa kinga, kwamba jicho la hasidi likiingia ndani huishia kwenye sahani, na sahani ikapasuka badala ya mtu kudhurika. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi kuomboleza kuanguka kwa Pate, hakusahau kutaja madaka ya sahani yaliyogeuka viota vya ndege. Kwake, nyumba isiyo na sahani zake ilikuwa ushahidi tosha kwamba fahari imekwisha.

Inasikitisha kwamba uporaji umefika hata makaburini. Kwenye nguzo nyingi za pwani leo yamebaki mashimo ya duara tu, sahani zimeng'olewa. Kila sahani inayong'olewa inaondoka na sentensi moja ya historia ambayo hatuna namna ya kuiandika upya.

Mabakuli ya Maastricht

Karne ya 19 ilileta badiliko ambalo wengi hawalijui. Katika mji wa Maastricht, Uholanzi, mfanyabiashara Petrus Regout alianzisha kiwanda cha vyombo vya udongo katika miaka ya 1830. Viwanda vya mji huo havikuishia kuuza Ulaya. Vilitengeneza mabakuli na sahani kwa ajili ya masoko ya mbali, yakiwemo ya Indonesia na ya Zanzibar na mrima wake. Michoro yake ilikuwa ya nguvu: maua manene mekundu, majani ya kijani, mistari ya buluu, mengine yamechorwa kwa mkono haraka haraka, mengine yamegongwa kwa sifongo lililokatwa umbo la ua na kuchovywa rangi.

Hapo mteja wa Afrika Mashariki hakuwa mpokeaji wa mabaki. Kiwanda cha Ulaya kililazimika kujua anapenda rangi gani na bakuli la ukubwa gani. Kisichompendeza kilidoda dukani. Mwanaakiolojia Sarah Croucher, aliyechunguza mashamba ya zamani ya karafuu Unguja na Pemba, aliona kwamba vyombo hivi vya maua havikuishia kwenye majumba ya Mji Mkongwe. Vilifika mashambani pia. Ua ambalo zamani lilihitaji utajiri wa sultani liliweza sasa kuwekwa mezani na mtu wa kawaida.

Kiwanda cha Regout kilitumia picha ya Sfinksi wa Misri kama alama yake, na mwaka 1899 kikachukua jina hilo, De Sphinx. Wakati huohuo Wajerumani walipofika mwambao wa Ziwa Nyasa waliona mwamba wa Liuli unafanana na Sfinksi huyohuyo, wakaiita bandari ile Sphinxhafen.  Wageni huazima sura za kale na kuzibandika popote, chini ya bakuli au juu ya bandari ya watu wengine. Tofauti ni kwamba bakuli hununuliwa na anayelitaka, bali Liuli haikuulizwa.

Njia ya Kilwa na mizigo iliyovunjika

Kwa nini basi hatuoni zidaka wala nguzo za sahani Mbinga au Mbamba Bay? Njia ilikuwepo. Kilwa Kivinje na Ziwa Nyasa ziliunganishwa na misafara ya Wayao na Waswahili kwa vizazi. Mjerumani Albrecht Roscher alifika ziwani mwaka 1859 kwa kufuata njia hiyo. Ng'ambo, Nkhotakota, ukoo wa Jumbe uliotoka pwani ulijenga makao ya biashara na kuendesha majahazi juu ya ziwa.

Jibu limo katika mzigo. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi kichwani au begani, akapita misitu na mito kwa wiki nyingi. Vitambaa, shanga, bunduki na baruti vilivumilia safari hiyo na vililipa. Sahani huvunjika. Na kilichorudi pwani kwa njia ileile, pembe za ndovu na watu waliotekwa, kinatukumbusha kwamba fahari ya majumba ya pwani haikuwa bila gharama, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa na watu wa mwambao huu wa Nyasa. Siwezi kuisifu sahani ya zidaka nikanyamaza juu ya hilo.

Kilichoweza kupanda milima ni enameli. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilieneza ufundi wa kuyeyushia kioo cheupe juu ya chuma, na dawa ya weupe ilikuwa ileile ya Basra, oksidi ya bati. Baadaye tu ndipo titani na madini mengine yalipochukua nafasi hiyo. Chombo cha enameli hubanduka rangi kikianguka, lakini hakivunjiki. Kinabebeka kwa baiskeli, kwa lori la kahawa, kwa mtumbwi. Ndiyo maana sahani ya enameli yenye maua, baadaye ikitoka China kwenyewe, ikawa sahani ya mgeni katika Umatengo (ndiyo Mbinga yetu), Ungoni na Unyasa. Zaidi ya miaka elfu baada ya fundi wa Basra kumwiga Mchina, Mchina aliuza kwetu weupe wa Basra uliopambwa kwa ua la China.

Wafinyanzi wa ziwa

Lakini mwambao wa Nyasa haukukaa bila vyombo vyenye sura ukisubiri enameli. Upande wa kaskazini mashariki, Milima ya Livingstone inashuka ghafla hadi majini. Ufukwe ni mwembamba, ardhi ya kulima ni haba. Wakisi wanaoishi hapo, katika vijiji kama Ikombe karibu na Matema, walipata riziki katika udongo wenyewe. Wanawake wakafinyanga, vyungu vikapakiwa kwenye mitumbwi na kupelekwa masokoni, navyo vikabadilishwa kwa nafaka na ndizi za majirani wenye ardhi nzuri zaidi. Mwanaakiolojia wetu Simon Waane aliandika juu ya ufinyanzi huo wa Ikombe katika miaka ya 1970, na kazi bado inaendelea.

Ukiishika kazi yao mkononi ndipo utaiheshimu. Hakuna gurudumu la kufinyangia. Ukuta wa chungu hupandishwa kwa vidole na kupunguzwa unene kwa ustadi, hadi chungu kikubwa kinakuwa chepesi kuliko unavyotarajia. Kikishanyauka hukwaruzwa, hulainishwa, hupakwa ngeu nyekundu, na michoro ya rangi nyekundu na ya krimu hupita shingoni na mabegani. Kisha hukokewa moto wa wazi. Fundi husoma moto kwa macho tu, hana kipimajoto. Kosa dogo na kazi ya siku nyingi inapasuka.

Chungu hicho hakina glezi, na wapo wanaoona hapo ndipo penye upungufu. Si kweli. Mtungi usio na glezi una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole hadi nje, hewa huyakausha, na kwa kukauka huko hubeba joto, maji yaliyobaki yakapoa. Uufunike mtungi huo kwa glezi ya Delft, utapendeza, lakini maji yatakuwa ya vuguvugu. Fundi wa Ikombe hakushindwa kufikia alikofika fundi wa Basra. Alikuwa na lengo tofauti, na alilifikia.

Hata pwani kwenyewe, sehemu kubwa sana ya vigae vinavyofukuliwa ni vya vyungu vya wenyeji. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia umri wake wa utafiti kuonyesha uzito wa vyungu hivyo, hasa vile vyenye michoro ya pembetatu zilizochanjwa shingoni, ambavyo vimepatikana pwani na bara. Waliokuwa wa kwanza kushika bakuli jeupe la Iraki pale Unguja Ukuu walipika chakula chao katika vyungu vya pembetatu. Makumbusho mengi duniani yamekiweka kipande cha bakuli jeupe ndani ya kioo na kuviacha vigae vya vyungu ndani ya mifuko ghalani. Sisi wenyewe majumbani tunafanya vivyo hivyo. Sahani ya ua la China iko kabatini, chungu cha Nyasa kiko jikoni sakafuni.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mwanamke anayefinyanga vyungu vinavyopendeza watalii wa Matema mara nyingi hubaki na kipato kidogo kuliko mchuuzi anayevipandisha basi kwenda mjini. Vijana wanaona hesabu hiyo, na hawalaumiki wakichagua bodaboda.

Zamu yetu kuongeza

Nini kifanyike? Kwanza tutazame tulicho nacho. Bati, lile lililobadili udongo wa Basra, linachimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Kaolini, ambayo Basra waliililia wakaikosa, iko Pugu, jirani kabisa na Dar es Salaam. Kobalti, buluu ya Jingdezhen na Delft, inatoka kwa wingi kuliko kokote duniani katika machimbo ya Katanga, kwa majirani zetu wa Kongo wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Malighafi zote tatu za mapambo yaliyozunguka dunia ziko katika ukanda wetu.

Vyuo vya ufundi stadi vinaweza kuanza na somo moja la glezi, na iwe glezi isiyo na risasi, maana ile ya zamani ina sumu inayoingia kwenye chakula chenye uchachu. Wafinyanzi wa Kisi wawe walimu humo, walipwe kama walimu. Wasigeuzwe wanafunzi wa mtu aliyejifunzia kitabuni. Waendelee na mitungi yao bila glezi, maana ndivyo inavyofanya kazi, huku vijana wakijaribu sahani na vikombe kwa mbinu mpya. Udongo uwahi ungali maji: mafundi wazee wa mwambao hawatatungoja.

Makumbusho ya Majimaji pale Songea, ambayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, yatenge chumba kwa ufinyanzi wa kusini na ziwa zima, yaandike jina la kila fundi chini ya kazi yake kama inavyofanywa kwa wachoraji. Wenye nyumba za wageni wa Matema, Liuli na Mbamba Bay waanze kuwapa wageni wao chakula katika vyombo vya hapo walipo. Na akina mama wa kamati za kicheni pati, ambao kwa kweli ndio wanaoamua kipi kiingie kabatini, waongeze chombo kimoja cha mfinyanzi wa ziwa katika kila seti wanayomnunulia binti.

Wala siwaombi watu wayaondoe maua ya China. Yamekuwa yetu kwa namna ambayo yale mahekalu yamekuwa ya Delft. Yamewapokea wageni wetu, yamebeba ubwabwa wa harusi zetu, na hayana deni kwa mtu. Ninachoomba ni ile hatua ya pili, ambayo kila taifa katika msururu huu liliichukua. Basra iliiga weupe ikaongeza buluu. Delft iliiga buluu ikaongeza vinu vya upepo. Kilwa ilinunua sahani ikaongeza dari na nguzo. Umatengo una mashamba ya ngoro, yale mashimo ya miraba yanayofunika vilima vizima kwa mpangilio ambao mchoraji yeyote angeutamani. Mibuni yetu huchanua maua meupe kila mwaka. Ziwa lina mbasa, na lina visamaki vya buluu na njano ambavyo watu wa nchi za mbali huvinunua ili wavitazame tu ndani ya kioo. Michoro tunayo, madini tunayo, na mikono yenye ujuzi iko Ikombe. Mtoto anayezaliwa leo Kitura anastahili kukua akijua kwamba vyombo vizuri hutengenezwa pia kwao, na kazi ya kumwonyesha hilo ni ya kizazi chetu.